Charles Hamilton Houston: Wakili wa Wachochea Moto wa Reli

Mwezi Aprili mwaka 1941, mchochea moto wa treni aitwaye Bester William Steele aliondolewa kwenye zamu yake katika treni za abiria za Kampuni ya Reli ya Louisville and Nashville, Jimbo la Alabama, kusini mwa Marekani. Hapakuwa na shauri la nidhamu dhidi yake, wala hakuna aliyedai kwamba kazi imemshinda. Yeye na wenzake wanne, wote watu weusi, walikuta nafasi zao zimetangazwa kuwa wazi kutokana na mabadiliko ya mgawanyo wa safari, na nafasi hizo zikajazwa na wazungu wanne ambao utumishi wao ulikuwa mfupi kuliko wake. Alikaa siku 16 bila kazi. Aliporejeshwa alipangiwa treni ya mizigo, yenye kazi nzito zaidi, saa nyingi zaidi na malipo madogo zaidi. Baadaye aliondolewa hata huko, akaingizwa mzungu mwingine mwenye utumishi mfupi kuliko wake, naye akapelekwa kwenye injini ya kupanga mabehewa stesheni, kazi ngumu kuliko ile ya kwanza na yenye ujira mdogo kuliko zote.

Lililozidisha ugumu wa jambo hilo ni kwamba mabadiliko hayo yalitokana na mkataba wenye saini ya chama cha wafanyakazi. Chama cha Udugu cha Wachochea Moto na Madereva wa Treni kilikuwa, kwa mujibu wa sheria, msemaji pekee wa wachochea moto wote wa kampuni hiyo, weusi kwa weupe. Kwa mujibu wa katiba yake, chama hicho hicho hakikumruhusu mtu mweusi kuwa mwanachama. Hivyo Steele hakuwa na kura ndani ya chama, na nje ya chama hakuwa na haki ya kujadiliana na mwajiri wake. Lililobaki ni mahakama, na mahakamani alihitaji wakili.

Wakili aliyeibeba kesi yake hadi Mahakama ya Juu ya Marekani alikuwa Charles Hamilton Houston wa Washington. Jina la Houston hutajwa zaidi katika historia ya kesi za shule, na ni haki lifanyike hivyo. Hata hivyo, miaka yake mingi ya mwisho aliitumia kuwatetea watu wa kawaida waliokuwa wakinyang'anywa ajira, na kazi hiyo haijapewa uzito unaoistahili.

Houston alizaliwa Washington tarehe 3 Septemba, 1895. Baba yake, William Houston, alikuwa wakili. Mama yake, Mary, alikuwa mtengeneza nywele ambaye kipato chake kilisaidia kumsomesha mtoto wao wa pekee. Alihitimu Chuo cha Amherst mwaka 1915, akiwa mwanafunzi pekee mweusi katika darasa lake na miongoni mwa waliofaulu kwa daraja la juu kabisa. Kisha alifundisha Kiingereza katika Chuo Kikuu cha Howard, chuo kikuu cha watu weusi mjini Washington, hadi Marekani ilipoingia katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia.

Jeshi ndilo lililomfanya awe mwanasheria. Alipata mafunzo ya uofisa katika kambi ya Fort Des Moines, Jimbo la Iowa, iliyotengwa kwa ajili ya maofisa weusi, na akapelekwa Ufaransa akiwa na cheo cha luteni. Kambini aliona askari weusi wakitiwa hatiani bila ushahidi wa kutosha. Huko Ufaransa yeye na maofisa wenzake waliponea chupuchupu kuuawa na kundi la askari wazungu wa nchi yao wenyewe. Kijana huyo aliyekwenda kuipigania nchi yake alirudi mwaka 1919 akiwa ameamua kusoma sheria, ili ayatetee kwa sheria maisha ya wale wasioweza kujitetea wenyewe. Mwaka huohuo alijiunga na Shule ya Sheria ya Chuo Kikuu cha Harvard, ambako alikuwa mtu mweusi wa kwanza kuingia katika bodi ya wahariri wa jarida la sheria la chuo hicho. Alitunukiwa shahada ya udaktari wa sheria mwaka 1923, akaendelea na masomo Madrid, Hispania, na mwaka 1924 akaanza kazi ya uwakili katika ofisi ya baba yake.

Mwaka 1929 Houston aliteuliwa kuwa naibu mkuu wa Shule ya Sheria ya Howard. Shule hiyo ilikuwa ikifundisha jioni, wanafunzi wengi wakiwa ni watu waliotoka kazini mchana. Houston alifuta masomo ya jioni, akapandisha vigezo vya kujiunga na kuwaondoa waliozembea. Uamuzi huo ulilalamikiwa sana, na haukuwa wa haki kwa kila mtu, kwa kuwa aliyelazimika kufanya kazi mchana alifungiwa mlango. Lakini mwaka 1931 shule ilipata ithibati kamili, na vijana waliotoka humo walikuwa mawakili ambao majaji wa kusini hawakuweza kuwapuuza kwa urahisi. Houston aliwafundisha kwamba wakili asiyetumia elimu yake kuijenga jamii ni mzigo kwa jamii hiyo. Mmoja wao, Thurgood Marshall, aliongoza darasa la mwaka 1933. Marshall ndiye aliyekwenda London mwaka 1960 kuwa mshauri wa wajumbe Waafrika wa Kenya katika mkutano wa katiba wa Lancaster House, na akaandika rasimu ya sura ya haki za raia kwa ajili ya nchi hiyo. Mwaka 1967 aliteuliwa kuwa jaji wa kwanza mweusi wa Mahakama ya Juu ya Marekani.

Mwaka 1935 Houston alihamia New York kuwa wakili wa kwanza wa kudumu wa Chama cha Kitaifa cha Maendeleo ya Watu Weusi, NAACP. Alisafiri kusini akiwa na kamera ya sinema, akapiga picha za shule za watoto weusi na za wazungu ili tofauti yake ionekane kwa macho. Pamoja na Marshall aliishinda kesi iliyomfungulia Donald Murray mlango wa Shule ya Sheria ya Chuo Kikuu cha Maryland, na walianza kudai mishahara sawa kwa walimu weusi. Desemba 1938 Mahakama ya Juu iliamua, katika shauri la Lloyd Gaines alilolitetea Houston, kwamba Jimbo la Missouri lilipaswa kumpa mwanafunzi mweusi elimu ya sheria ndani ya jimbo lenyewe, badala ya kumlipia ada akasome jimbo jingine. Miezi michache baadaye, Gaines alitoweka. Hakuonekana tena, na shauri likafa kwa kukosa mdai. Ushindi wa miaka mitatu ya kazi ulikuwa umeegemea bega la kijana mmoja.

Wakati huo Houston alikuwa amekwisha kurudi Washington katika ofisi ya baba yake, na huko ndiko wafanyakazi wa reli walikomfuata. Mwishoni mwa miaka ya 1930 vyama vya wafanyakazi weusi wa reli, kikiwemo Chama cha Wafanyakazi Weusi wa Treni na Wachochea Moto, vilimwajiri awe wakili wao. Vilikuwa vyama vidogo, vilivyoishi kwa ada za wanachama, na mwajiri hakulazimika kisheria kuzungumza navyo. Havikumwendea wakili baada ya jambo kuharibika ili awaandikie barua moja ya malalamiko. Vilimkabidhi tatizo zima, akusanye mikataba, afuatilie kampuni moja baada ya nyingine, na achague shauri litakalopelekwa mbele. Kwa watu wa kipato chao, huo ulikuwa uamuzi mzito, maana fedha zilitoka kila mwezi na matunda hayakuonekana kwa miaka.

Ili kuelewa kilichokuwa kinagombewa, yafaa kueleza kazi yenyewe. Katika enzi ya injini za mvuke, mchochea moto ndiye aliyetupia makaa kwenye tanuri kwa koleo, tani baada ya tani, katika joto na moshi. Kusini mwa Marekani kazi hiyo ilionekana kuwa ya watu weusi kwa sababu ilikuwa chafu na ya kuchosha. Mzungu aliyeifanya aliweza kupanda na kuwa dereva. Mtu mweusi hakupandishwa hata akiijua njia nzima kwa moyo. Kisha zikaja mashine za kulisha makaa, na baadaye injini za dizeli. Kazi ikawa safi zaidi, na ujira wake ulikuwa mzuri. Hapo ndipo ilipoanza kutamaniwa. Katika miaka ya mwanzo ya 1930, wakati wa mdororo mkubwa wa uchumi, wachochea moto kadhaa weusi katika bonde la Mto Mississippi walipigwa risasi na kuuawa wakiwa kazini, ili nafasi zao zipatikane.

Baadaye njia ya bunduki ilipisha njia ya mkataba. Tarehe 28 Machi, 1940, Chama cha Udugu kilizipelekea kampuni 21 za reli, nyingi zikiwa za kusini mashariki, notisi ya kutaka mikataba ibadilishwe kwa namna ambayo hatimaye ingewaondoa wachochea moto weusi wote. Wafanyakazi weusi hawakuarifiwa. Tarehe 18 Februari, 1941 yalifikiwa makubaliano kwamba watu weusi wasizidi asilimia 50 ya wachochea moto katika kila aina ya huduma na kila eneo, na kwamba hadi kiwango hicho kifikiwe, kila nafasi mpya au iliyoachwa wazi ijazwe na mzungu. Steele aliondolewa chini ya makubaliano hayo. Shauri lake lilifunguliwa mahakamani Alabama mwaka huohuo wa 1941, kwa niaba yake na ya wenzake, Houston akishirikiana na Arthur Shores, wakili mweusi wa mjini Birmingham.

Ugumu wa kisheria ulikuwa mkubwa kuliko inavyodhaniwa leo. Katiba ya Marekani inaizuia Serikali kubagua, lakini Chama cha Udugu hakikuwa Serikali, na kampuni ya reli vilevile. Wakati huo hapakuwa na sheria ya Bunge iliyomkataza mwajiri binafsi kumnyima mtu kazi kwa sababu ya rangi. Wakili aliyeingia mahakamani akilalamika tu kwamba jambo hili ni baya angerudishwa mlangoni, na majaji wangekiri njia nzima kwamba kweli ni baya.

Houston aliishika Sheria ya Kazi za Reli yenyewe, ile ile iliyokipa Chama cha Udugu nguvu. Sheria hiyo, kama ilivyorekebishwa mwaka 1934, iliweka utaratibu ambao msomaji wa Tanzania anaufahamu kupitia Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004: chama chenye wanachama wengi zaidi ya nusu ya wafanyakazi kinakuwa wakala pekee wa majadiliano kwa niaba ya wote. Hoja ya Houston ilikuwa kwamba Bunge, lilipomnyima mfanyakazi wa upande wa wachache uwezo wa kujisemea, halikuweza kukusudia kumtupa mikononi mwa adui yake. Ama sheria ilikitaka chama kiwawakilishe wote kwa haki, ama sheria hiyo ilikuwa kinyume cha Katiba, kwa kuwa imempa mtu binafsi mamlaka ya dola bila kumwekea wajibu. Majaji waliachiwa kuchagua kati ya hayo mawili. Ni hoja iliyohitaji utulivu, kwa sababu haikuanza na maumivu ya Steele, ingawa maumivu hayo yalikuwa kwenye kila ukurasa wa hati ya madai.

Mahakama za Alabama zilimkataa Steele. Januari 1944 mahakama ya juu kabisa ya jimbo hilo iliona kwamba chama kilikuwa na mamlaka ya kuingia mkataba kama kilivyoona inafaa, na kwamba mdai hakuwa na msingi wa madai. Kwa kuwa shauri lilitupwa bila ushahidi kusikilizwa, Mahakama ya Juu ya Marekani ililipokea kwa kuyachukua maelezo ya Steele kama yalivyoandikwa. Houston alitoa hoja zake mwezi Novemba 1944, pamoja na shauri jingine linalofanana nalo la Tom Tunstall, mchochea moto wa Virginia.

Hukumu ilisomwa tarehe 18 Desemba, 1944. Jaji Mkuu Harlan Stone aliandika kwamba chama kilichopewa na sheria mamlaka ya kuwasemea wafanyakazi wote kina wajibu wa kuwawakilisha wote bila uadui na bila ubaguzi, na kwamba mamlaka yake yanafanana na ya chombo cha kutunga sheria, ambacho nacho kina wajibu wa kuwalinda kwa usawa wale kinaowatungia. Hakuna jaji aliyepinga matokeo hayo. Jaji Frank Murphy aliandika maoni yake pembeni, akiona kwamba Mahakama ilipaswa kuutaja ubaguzi wa rangi waziwazi na kuupima kwa Katiba. Ukiisoma hukumu leo, ni vigumu kutokubaliana na Murphy. Lakini njia nyembamba aliyoipita Jaji Mkuu ndiyo iliyokuja kumlinda hata mfanyakazi mzungu anayeonewa na chama chake, na wajibu huo wa uwakilishi wa haki umebaki kuwa nguzo ya sheria ya kazi ya Marekani.

Hukumu hiyo haikukilazimisha Chama cha Udugu kuwapokea wanachama weusi. Haikuvunja mikataba ya kampuni nyingine kwa siku moja. Steele alikuwa amerudishwa kwenye treni za abiria tangu Januari 1942, baada ya kufungua shauri, lakini katika reli nyingine kuondolewa kwa weusi kuliendelea kwa mbinu mpya, na kila mbinu ilihitaji shauri lake. Houston na mshirika wake kijana, Joseph Waddy, walizifuata moja moja. Mwaka 1949, katika shauri la Graham, Mahakama ya Juu ilikubali kwamba mahakama za shirikisho zinaweza kutoa zuio dhidi ya mikataba ya namna hiyo, ili mfanyakazi asisubiri fidia baada ya kazi kupotea.

Katikati ya kazi hizo, mwaka 1944, Houston aliteuliwa kuwa mjumbe wa kamati ya Serikali ya kusimamia usawa katika ajira iliyoundwa wakati wa vita. Desemba 1945 alijiuzulu. Kampuni ya mabasi na treni za mjini Washington ilikuwa ikikataa kuwaajiri watu weusi kuwa madereva, na Rais Harry Truman aliizuia kamati kutoa amri dhidi yake. Houston aliona kwamba kubaki katika kamati isiyoruhusiwa kutoa amri ni kuwadanganya waliomtegemea, akaandika barua ya kujiuzulu na kurudi ofisini kwake. Mwaka 1948 alishiriki kushinda shauri la Hurd, ambalo lilizizuia mahakama za Washington kutekeleza mikataba ya kuwakataza watu weusi kununua nyumba katika mitaa ya wazungu. Alikuwa pia akiwasaidia wazazi weusi wa mji huo kudai shule bora, kundi lililoongozwa na kinyozi, na alipozidiwa na ugonjwa wa moyo aliwaelekeza kwa mwenzake wa Howard, James Nabrit.

Charles Hamilton Houston alifariki dunia tarehe 22 Aprili, 1950, akiwa na umri wa miaka 54. Aliacha mjane, Henrietta, na mtoto wa kiume aliyekuwa na miaka sita. Tarehe 17 Mei, 1954 Mahakama ya Juu ilitamka kuwa utengano wa rangi katika shule za umma ni kinyume cha Katiba. Marshall na Nabrit walikuwa miongoni mwa mawakili wa washindi.

Majalada ya reli yalibaki kwa Waddy. Mwaka 1952 alisimama mbele ya Mahakama hiyohiyo kuwatetea wahudumu weusi wa treni, ambao kwa miaka mingi walikuwa wakifanya kazi ya ufungaji breki bila kupewa jina la kazi hiyo, na ambao chama cha wazungu kilikuwa kimeilazimisha kampuni ikubali kuwaondoa. Hawakuwa wanachama wa chama hicho, wala hakikuwa msemaji wao kisheria, na hivyo shauri lao lilikwenda mbali kuliko la Steele. Mahakama iliamua kwamba mkataba huo hauwezi kutekelezwa.